Mtu Aliyetuandika Sote

Ukimwona anaingia barabara yetu, kofia nyeupe imeinamia sikio la kushoto, kalamu yake ya biki inaning'inia kifuani kwa uzi wa kushonea viatu, swali lako la kwanza lilikuwa: leo nimekosa nini? Hata kama hukukosa kitu. Watoto waliacha kupiga kelele. Wanawake tuliokaa mlangoni tukichambua maharage tulijifunika kanga vizuri na kuanza kusema habari za mvua. Naye alijua kwamba tumebadilisha mazungumzo, akasimama pale pale, akasema, "Endeleeni tu, mi sikusikia," maana yake alisikia yote.

Tulimwita Nyumbakumi, kwa sababu hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake: kuziangalia nyumba kumi za barabara yetu hapa Buyenzi, ingawa ukizihesabu zilikuwa kumi na nne. Jina alilopewa na wazazi wake nalijua, lakini sitaliandika. Nilikwisha kulitaja mara moja mbele ya mtu mwenye kalamu, nikaongeza sentensi moja ambayo haikuhitajika, na sentensi hiyo ndiyo inayonifanya niandike haya. Nitaifikia. Nikianza nayo mtaniona mbaya tu, na mimi nataka kwanza mnione nilivyokuwa na sababu.

Kwa asiyeujua mji wetu: kila nyumba Bujumbura ina kaye. Ni daftari la kawaida, la shule, lakini ndani yake wameandikwa wote wanaolala chini ya bati lile: baba, mama, watoto, mpangaji, mfanyakazi, na mgeni hata kama amekuja kwa siku moja. Mara kwa mara, alfajiri, watu wakiwa bado wanatoka msikitini, polisi huja kukagua. Wanaita majina na kutazama nyuso. Aliyemo ndani ya nyumba na hayumo ndani ya kaye ana maswali ya kujibu, na mwenye nyumba anayo mengi zaidi. Nyumbakumi ndiye aliyepaswa kuhakikisha kaye zetu zinasema kweli. Hakulipwa chochote kwa kazi hiyo, na ndiyo maana, nadhani, aliifanya kwa moyo wote.

Kazi yake ya kula ilikuwa nyingine. Aliuza bolti na nati kuukuu mbele ya nyumba yake, kwenye makopo ya maziwa ya unga, zaidi ya makopo sitini yamepangwa juu ya mbao. Hakuna kopo lililokuwa na alama. Mafundi wa gereji walikuja na nati moja mkononi, imejaa grisi, naye aliipokea bila kuitazama, akaizungusha kati ya vidole, akainuka, akaenda moja kwa moja kwenye kopo lake. Sikumwona akikosea hata mara moja. Mafundi walikuwa wakimjaribu kwa kumletea nati za magari yasiyoonekana tena mjini, na yeye aliwaambia gari hilo lilikuwa la nani na lilifia wapi.

Hicho kichwa ndicho kilichokuwa fahari yake. Kaye zetu alizijua kwa moyo. Alikuwa na msemo, na alipousema alijigonga paji la uso kwa biki: "Karatasi inaloa. Iyi ailoi."

Msemo wake wa pili niliuchukia. "Kaye aina mama, aina mutoto." Alikuwa akiusema mtu anapombembeleza. Nyumba ya tisa waliwahi kupangisha chumba kwa kijana mmoja mpole, muuza chaja za simu, ambaye kitambulisho chake kilikuwa kimepotea na hakuwa amepata kingine. Mwenye nyumba alimwomba Nyumbakumi angoje wiki moja tu. Nyumbakumi alingoja siku mbili, halafu akapeleka habari ofisini, kwa sababu ndivyo ilivyotakiwa. Kijana alichukuliwa, akarudi baada ya muda amekonda, akafungasha chaja zake, akahama. Nyumbakumi alikuja kumuaga. Alisimama mlangoni, akamwambia, "Kijana, nenda salama, uko kwingine uanze na kitambulisho." Hata pole hakusema. Mimi nilikuwa nafagia upande wa pili, nikafagia kwa nguvu vumbi limfikie.

Lakini sasa nisikilize. Mwanamke wa nyumba ya pili alipofiwa na mume, ndugu wa marehemu walikuja kutoka mkoani kwao na kusema huyu si mke, ni mtumishi, hakuna ndoa wanayoijua. Walikuwa wanaume watano, wenye sauti. Nyumbakumi aliingia uani amebeba kaye, akaketi kwenye mkeka wa msiba, akafungua ukurasa, akasoma kwa sauti: siku aliyoingia mama huyu, nani alimleta, na neno "mke" limeandikwa pale kwa mkono wake miaka kumi na tisa iliyopita. Akasoma hata jina la shekhe na la mashahidi wawili. Mmoja wa wale ndugu akasema kaye si cheti. Nyumbakumi akamwambia, "Bon. Basi twende ofisini, na wewe utawaambia kwa nini jina lako alijaandikwa hapa hata siku moja, mugonjwa amelala miezi minane." Hawakwenda. Yule mama bado anakaa katika nyumba yake.

Ndivyo alivyokuwa, na ndivyo Buyenzi yenyewe ilivyo. Hapa ukikohoa, jirani wa kulia anakuletea tangawizi, na jirani wa kushoto anatangaza kwamba una kifua kikuu. Nimewahi kuapa kwamba nitahama, nikatafute nyumba mahali ambapo watu hawajui nimekula nini. Halafu mtoto anaugua, na kabla sijavaa viatu kuna wanawake watatu uani wameshawasha jiko. Siwezi kusema napapenda na siwezi kusema napachukia. Nipo.

Yaliyonigusa mimi ni haya. Baba Zaina, mume wangu, aliondoka. Hakufa na hakusafiri. Alihamia kwa mwanamke mwingine ng'ambo ya mji, akawa anapita kwetu Ijumaa kuwaona watoto, akakaa nusu saa na kuondoka. Mimi sikumwambia mtu. Katika kaye yangu jina lake lilikuwa bado la kwanza, na mimi nililiacha hivyo, kwa sababu kulikata ni kutangaza. Mwaka ukapita. Siku moja mchana, nimeketi na wanawake sita mlangoni pangu, tunasuka nywele, Nyumbakumi akafika na rula na biki. Akasalimu vizuri. Akafungua kaye yangu mapajani mwake, akaweka rula chini ya jina la kwanza, akaniuliza mbele ya wote:

"Mama Zaina, uyu nimufute, ao nimuache?"

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Mikono ya aliyekuwa akinisuka ilisimama kichwani mwangu. Nikamjibu, "Fanya unavyotaka, Muzee," nikaingia ndani na nusu ya kichwa imesukwa, nikakaa kitandani mpaka jua likatua. Toka siku ile nilimwekea kitu moyoni. Nilimsalimu, nilimkaribisha, nilimpa chai, lakini kile kitu kilikuwapo na nilikitunza.

Baadaye sana, nikitafuta jambo jingine katika kaye, niliona alichokifanya. Hakukata. Mbele ya jina la Baba Zaina, kwa herufi ndogo nzuri, alikuwa ameandika: safarini. Yeye asiyemsubiri kijana wa chaja zaidi ya siku mbili, aliandika uongo katika kaye ya serikali ili nisiitwe mwanamke aliyeachwa, baada ya kunivua nguo mbele ya majirani sita. Nilikaa na daftari lile mkononi sikujua nimshukuru au nimtukane. Kama ningekwenda kumshukuru siku ile ile, pengine yaliyofuata yasingekuwa. Sikwenda. Nilifunga kaye nikairudisha juu ya kabati.

Jumamosi moja kaka yangu aliwasili kutoka Uvira, ng'ambo ya mpaka, Kongo. Ni kaka mkubwa, tumenyonya ziwa moja, na jicho lake la kulia lilikuwa limeanza kufunga. Alikuja kumwona daktari. Kibali chake cha kuvuka mpaka kilikuwa kimekwisha siku chache nyuma, naye alipita hivyo hivyo kwa bahati. Nilipaswa kumwandika jioni ile. Sikumwandika. Nilijiambia ni kwa ajili ya kibali, na ni kweli, lakini kulikuwa na sababu ya pili: sikutaka kumwona yule mzee akiweka rula yake chini ya jina la ndugu yangu. Siku tatu tu, nilisema, daktari Jumatatu, na Jumanne anavuka kurudi kwake.

Jumapili, baada ya alasiri, Nyumbakumi akapita kama kawaida yake. Nikampa chai. Alikunywa nusu kikombe kwanza, kisha akauliza swali aliloliuliza kila nyumba kila Jumapili:

"Kuna wageni, Mama Zaina?"

"Tuko sisi tu, Muzee."

Kaka yangu alikuwa nyuma ya rido, pazia la mlango wa chumba, hatua nne kutoka pale, na viatu vyake vya kiume vilikuwa vimekaa kizingitini. Nyumbakumi alimaliza chai, akashukuru, akaondoka. Nilivitazama vile viatu nikajiuliza kama aliviona. Mpaka leo najiuliza.

Jumatatu alfajiri, polisi wakaja. Walianzia juu ya barabara, wakashuka nyumba kwa nyumba, Nyumbakumi mbele yao kama ilivyokuwa kazi yake. Tulitoka nje na kanga za kulalia. Kaka yangu alisimama nyuma yangu, mkono wake umefunika lile jicho. Polisi aliyeshika kaye alisoma majina, akafika mwisho, akainua macho.

"Na uyu?"

Nilimtazama Nyumbakumi, naye alinitazama, na katika uso wake niliona amekumbuka Jumapili yote: chai, swali na jibu. Nilingoja aseme kaye haina mama wala mtoto. Akavua kofia yake, kitu ambacho sikuwahi kumwona akikifanya mbele ya mtu.

"Uyu ni kaka yake, anatoka Uvira, amekuja kwa daktari wa macho. Mama Zaina aliniambia jana. Mi ndiye nimesahau kuandika."

"Wewe, usahau?" Polisi mwenyewe alishangaa.

"Mi, nimesahau. Kosa ni langu. Mutu mugonjwa, mumuache aende kwa daktari."

Wakamwacha. Walinung'unika kuhusu kibali, wakampa siku mbili aondoke. Alimwona daktari siku ile ile, na lile jicho linaona hata sasa.

Kesho yake niliitwa ofisini. Ofisi gani, sitasema. Meza moja, mtu mmoja nyuma yake, mwenye adabu na mwenye haraka. Alitaka kumaliza karatasi yake. Akaniuliza kama nilimwambia Nyumbakumi habari za mgeni. Nikasema nilimwambia. Hapo sikuwa na njia nyingine. Kama ningesema sikumwambia, ningemtia yeye katika uongo na kaka yangu katika matatizo. Uongo ule alinipa yeye mwenyewe, mimi niliubeba tu. Hilo silijutii sana.

Halafu yule mtu akauliza, akiwa anaandika, bila hata kunitazama, "Sasa kwa nini hakuandika?"

Ningeweza kusema sijui. Neno moja. Ningeweza kusema alikuwa na kazi nyingi. Nilitaja jina lake lote, nikasema:

"Amezeeka. Siku hizi anasahau-sahau."

Na nitasema kweli, kwa kuwa nimekaa kuandika kweli: nilipolisema nilisikia utamu. Ulikuwa utamu wa muda mfupi. Nilimwona na rula yake mlangoni pangu, na wanawake sita wakinyamaza, nikafikiri, haya, na wewe leo umeandikwa. Yule mtu akaandika nilivyosema, akanisomea, nikatia dole gumba. Nikitoka nje, kabla sijafika barabarani, utamu ulikuwa umekwisha.

Walimwondoa. Kwa heshima, walisema: mzee apumzike. Walimwita ofisini wakamsomea sababu, wakachukua daftari kubwa alimonakili nyumba zetu zote. Na maneno hayana miguu lakini yanafika kabla yako. Wiki ile ile barabara nzima ilijua kwamba Nyumbakumi ameanza kusahau. Hakuna aliyejua kwamba yalitoka kwangu. Walisema imeandikwa ofisini, na kilichoandikwa ofisini hakina mama.

Mwanzoni ulikuwa utani. "Nyumbakumi, umefunga zipu?" "Nyumbakumi, leo ni siku gani?" Alicheka nao. Halafu siku moja nilimwona akifanya jambo jingine. Nilikuwa nikipita kwenda sokoni, naye ameketi mbele ya makopo yake na kipande cha chaki, anaandika namba kwenye kila kopo. Fundi mmoja alifika na nati. Mzee akaipokea, akaizungusha kati ya vidole, akainuka kuelekea kopo, nami niliona anakwenda pale pale panapostahili. Katikati ya njia akasimama. Akaitazama nati, akarudi, akaanza kusoma namba moja moja. Fundi alingoja kidogo, akasema, "Acha Muzee, nitatafuta kwingine." Mzee alikuwa anajua. Alikuwa anakwenda mwenyewe, na kuna kitu kilimshika shati nyuma. Mimi najua kilikuwa nini, kwa sababu ni mimi niliyekiweka pale.

Aliyechukua nafasi yake hasumbui mtu. Anapita mara moja kwa mwezi na haulizi mtu kitu. Tulimsifu. Kisha mtoto wa nyumba ya sita akapotea tokea asubuhi, tukamtafuta mpaka tukampata jioni, na nyumbakumi mpya alikuwa hajui hata kama ni wa kike au wa kiume. Mama mtu mzima mmoja akasema, "Angekuwa yule muzee, angejua mpaka rangi ya kandambili." Kila mtu aliitika. Mimi pia niliitika.

Nilianza kupita barabara nyingine kwenda msikitini. Ni mzunguko mrefu, na jua la Bujumbura halina huruma, lakini nilizunguka. Miaka ilienda hivyo. Kaka yangu kila akituma mtu kutoka Uvira alituma ndagala, dagaa wa ziwani, mfuko mmoja wangu na mfuko mmoja "wa yule muzee aliyeniokoa jicho." Mara ya kwanza niliuweka kabatini nikisema kesho. Ndagala walianza kutoa harufu, nikawapika, tukala. Mara ya pili sikujisumbua hata kusema kesho. Kaka aliuliza kwenye simu, "Amefurahi?" Nikajibu amefurahi sana, anakuombea.

Mwaka huu, kabla ya Idi, alinipigia akasema anakuja mwenyewe, na sala ikiisha jambo la kwanza ni kwenda kumshika mzee mkono. Usingizi ukanipotea. Kaka yangu angekwenda pale, angeshukuru kwa sauti yake kubwa, na yote yangefumuka mbele ya watu. Nikaona bora nitangulie. Lakini si hofu tu, jamani, msinifanye mbaya kuliko nilivyo. Nilikuwa nimechoka kuzunguka. Nilitaka mtu yule asikie kutoka kinywani mwangu, akiwa bado hai, kwamba kichwa chake kilikuwa kizima siku ile. Basi nikaoga, nikavaa, nikachukua sukari kilo mbili, nikapita barabara iliyonyooka.

Makopo yalikuwa hayapo tena, mbao tupu. Binti yake wa mwisho, anayemtunza, alinifungulia. Mzee alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki uani, mwembamba, safi, kofia imeinama upande ule ule. Biki haikuwapo kifuani.

"Salam aleikum, Baba."

"Aleikum salam. Ni nani?"

"Ni Mama Zaina," binti akamwambia, "wa nyumba ya ine."

Akajiinua kidogo katika kiti. "Muletee kiti. Muletee kiti kizuri." Akanigeukia. "Mama Zaina. Mi nilikuwa nakungoja siku mingi."

Nikasema, "Baba, nimekuja kusema kitu."

"Apana, mi ndiye mukubwa. Mi naanza." Aliinua kidole, kama zamani alipokuwa akisoma majina. "Ile Jumapili ulinipa chai. Chai ninaikumbuka. Nikakuuliza wageni. Mi nilikuwa nakumbuka umesema muko ninyi tu. Kesho yake nikamuona kaka yako pale nyuma yako, nikasema mu moyo: uyu mama amenidanganya mu macho, lakini iko peke yake na watoto, basi nimufunike. Nikakufunika. Nikafikiri nimesema uongo kwa ajili yako, unasikia?"

"Ninasikia, Baba."

"Wakaniita, wakanisomea maneno yako. Kwamba uliniambia. Kwamba mi nasahau. Nikashangaa. Nilienda kulala, nikafikiri: Mama Zaina anasali, ana watoto, atatia kidole chake kwa uongo juu ya muzee? Kwa nini? Mi nimemufanya nini?" Alitikisa kichwa. "Kumbe iko kweli. Uliniambia, na mi nikasahau. Ile ya 'tuko sisi tu' pengine ilikuwa Jumapili ingine. Na mi miaka yote ile nilikuwa nimekuwaza vibaya, hata kama ni kidogo, nikiswali inanikuja: yule mama alinidanganya. Nisamehe, Mama Zaina. Nilikutia zambi isiyo yako."

Nilikuwa nimejitayarisha kwa hasira yake, kwa kunyamaza kwake, hata kwa kufukuzwa. Nikashika mkono wa kiti chake.

"Apana, Baba. Sikukuambia. Ulikumbuka sawa. Nilikujibu tuko sisi tu, na kaka yangu alikuwa nyuma ya rido. Viatu vyake vilikuwa pa mulango. Mi ndiye nilidanganya. Na ofisini niliongeza kwamba unasahau, kwa ubaya wangu tu, juu ya ile siku uliniaibisha mbele ya wamama. Kichwa chako kilikuwa kizima. Kizima kabisa."

Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu uso wake ukafunguka, akamgeukia binti yake akicheka polepole.

"Umeona? Si nilikuambia? Uyu mama iko na roho nzuri. Mi nilimufunika, na yeye amekuja kunifunika."

"Baba, si kukufunika. Ni kweli. Wallahi..."

Akaweka kiganja chake juu ya mdomo wangu. Kilikuwa chepesi, na bado kilinuka grisi, baada ya miaka yote hiyo.

"Usiape. Usiingize Mungu kwa sababu ya kufurahisha muzee. Mi nimepokea. Imetosha."

Nilijaribu tena. Nilimweleza rangi ya viatu, nilimweleza kikombe alichonywea, nilimweleza karatasi ya ofisini sentensi kwa sentensi. Kila nilichosema alikiitikia kwa kichwa kwa upole, kama unavyomwitikia mtu anayekuambia hujazeeka. Nilianza kulia, na machozi ndiyo yaliyoharibu kabisa, kwa sababu aliyachukua kuwa ni ya huruma. Akaniombea dua ndefu, mimi na watoto wangu, na kaka yangu na jicho lake.

Binti yake alinisindikiza mpaka mlangoni. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Mama, Mungu akulipe. Wote wakikuja wanakuja kumucheka. Ni wewe wa kwanza kukuja kumutengenezea moyo."

"Mwanangu, nilichosema ni kweli yote."

"Najua, mama," akasema, na akanifinya mkono kuonyesha kwamba ameelewa. Hakuelewa.

Nikavaa viatu. Nilikuwa bado nimeinama kizingitini, nafunga kamba, niliposikia sauti ya mzee kutoka uani, ina wasiwasi kidogo, akimwita binti yake amkumbushe.

"Ewe, yule mama amekwisha toka? Nilimuomba samahani, ao nimesahau?"

"Ulimuomba, Baba," binti akamjibu. "Tulia. Amekusamehe."